Siku Ambazo Picha Ilikatika

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie wasomaji makala juu ya historia ya televisheni, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa viranja waliokabidhiwa ufunguo wa kabati la televisheni ya shule katika miaka ya themanini. Nimekubali, ila kwa sharti langu mwenyewe. Historia ya televisheni iliyowaka imekwisha andikwa na watu wengi wenye ujuzi kunishinda. Mimi nitaandika juu ya televisheni iliyozimika, na jinsi sisi tulioipenda tulivyoishi siku hizo. Jambo hili sijaliona likiandikwa, ingawa kila mmoja wetu analo la kusimulia.

Kwanza niwakumbushe wazee wenzangu, na niwaarifu vijana mlioko madarasani sasa, mambo yalivyokuwa. Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mtambo wa kwanza wa kurushia picha uliwekwa Limuru, katika nyumba ya shambani, na picha zake zilifika umbali wa kama maili 15 tu. Tarehe 1 Julai 1964 shirika lile likataifishwa, likaitwa Sauti ya Kenya. Mombasa ilipata kituo chake 1970. Tangu hapo mpaka 1990, KTN ilipoanza, nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni. Ilifungua jioni, ikasoma habari kwa Kiswahili na baadaye kwa Kiingereza, na usiku ikafunga kwa wimbo wa taifa. Hapakuwa na marudio ya kutegemea, wala watu wengi hawakuwa na mashine ya video. Ukikosa kipindi, umekosa.

Televisheni ya shule yetu ilikuwa ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, nayo ilikaa bwaloni ndani ya kabati la mbao lenye kufuli. Eriali yake ilifungwa juu ya mti wa mkaratusi nyuma ya jiko. Upepo ukivuma kutoka mlimani, picha ilijaa chengachenga, na kijana wa kidato cha kwanza alitumwa kwenda kuupanda mti na kuigeuza, huku wengine watatu wakipokezana sauti kutoka dirishani hadi mtini: "Bado! Bado! Hapo hapo! Umepitisha!" Umeme ulitoka kwa jenereta ya shule, mashine yenye hasira ambayo ilijua mwenyewe siku ya kufanya kazi na siku ya kugoma. Aghalabu iligoma siku za mpira.

Na mpira wenyewe haukuwa wa kwetu. Sauti ya Kenya ilikuwa ikionyesha kipindi kiitwacho Football Made in Germany, ambamo mechi moja ya ligi ya Ujerumani Magharibi ilifupishwa ikaenea katika muda wa saa moja, na bwana mmoja aitwaye Toby Charles akaitangaza kwa Kiingereza. Mechi tulizoziona zilikuwa zimekwisha chezwa majuma kadhaa nyuma. Hilo halikutusumbua hata kidogo. Kwetu mechi ilichezwa siku tuliyoiona. Tuliwajua Bayern München, Hamburg, Köln na Werder Bremen kama tulivyowajua Gor Mahia na AFC Leopards. Palikuwa na mwenzetu mmoja, sasa ni mzee wa heshima zake na ndiyo maana simtaji, aliyeweza kuiga sauti ya mtangazaji yule hata ukidhani ndiye. Tulimwita Toby, na jina hilo limemganda hadi leo.

Mwaka 1986, nikiwa kidato cha sita, tulionyeshwa mechi ya Werder Bremen na Bayern München, iliyokuwa imechezwa tarehe 22 Aprili mwaka huo. Mechi hiyo sasa inajulikana na kila mpenzi wa soka ya Kijerumani. Bremen walihitaji ushindi ili watwae ubingwa usiku ule ule. Zikiwa zimebaki dakika chache, bila kwa bila, Rudi Völler, ambaye alikuwa ameingia muda mfupi tu kabla, alipiga mpira ukamgonga Søren Lerby wa Bayern ndani ya eneo la hatari, na mwamuzi akatoa penalti. Wachezaji wa Bayern wakamzonga mwamuzi. Mpigaji alikuwa Michael Kutzop. Golini alisimama Jean-Marie Pfaff, Mbelgiji. Kutzop akauweka mpira chini, akarudi nyuma, akaanza kukimbia.

Jenereta ikazima.

Sitajaribu kueleza kelele zilizotoka bwaloni. Mwalimu wa zamu alidhani pamezuka moto. Lakini kilichofuata ndicho ninachotaka kukiandika. Katika giza lile Toby alipanda juu ya meza na kuendelea kutangaza pale pale mwenzake wa Ujerumani alipokatizwa. Alimkimbiza Kutzop hatua zake zote, akampigisha mpira, akaufikisha wavuni upande wa kushoto wa kipa. Nusu ya bwalo ililipuka kwa furaha. Nusu nyingine, ambao walikuwa watu wa Bayern, walikataa katakata, wakasema wao kwa macho yao walimwona Pfaff akiruka kabla picha haijakatika, na kwamba kwa jinsi alivyoruka lazima aliudaka. Niliporudi kutoka kwenye chumba cha jenereta, mikono ikinuka dizeli, shule ilikuwa imekwisha gawanyika vyama viwili.

Ubishi ule haukuisha usiku ule. Uliendelea darasani, shambani, na kwenye foleni ya uji. Watu waliwekeana dau la vipande vya mkate. Magazeti yaliyofika shuleni hayakutusaidia, na kipindi kilichofuata kilionyesha mechi nyingine kabisa. Hatimaye wanachama wachache wa chama cha Kiswahili, nami nikiwemo, tuliamua kuwaandikia Deutsche Welle, redio ya Ujerumani iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1963 na ambayo wakati huo makao yake yalikuwa Köln. Tulipokezana sahani ya redio na mwalimu wetu wa jiografia, kwa hiyo anwani tulikuwa nayo. Tuliandika kwa Kiswahili sanifu, tukaeleza shida yetu, tukaomba msaada. Stempu tulichangiana.

Jibu lilikuja muhula ule ule, kabla hatujafunga shule, nami nikalisoma bwaloni baada ya chakula cha jioni. Mpira ulikuwa umegonga mlingoti. Haukuingia, wala haukudakwa. Siku nne baada ya mechi ile Bremen walikwenda Stuttgart wakafungwa, na Bayern wakawa mabingwa kwa tofauti ya magoli, timu zote mbili zikiwa na pointi sawa. Baadaye nimesoma kwamba hiyo ndiyo penalti pekee ambayo Kutzop aliikosa katika ligi ile.

Angalieni jambo hili. Watu zaidi ya mia tatu tulikaa tukibishana muda wote ule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutaja mlingoti. Kila chama kilikuwa na hadithi yake iliyokamilika, yenye mlio wa mpira na sura ya kipa. Na barua iliposomwa, msidhani ilipokewa kwa shukrani. Toby alisimama akasema kwamba hao waliotuandikia hawakuwepo bwaloni. Alipigiwa makofi. Katika mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani, mtu mzima, mhandisi, alinishika mkono akaniambia kwamba anakumbuka vizuri sana goli lile la Kutzop.

Msije mkafikiri kwamba ni ujinga wa wavulana wa bweni. Televisheni ya kwanza kubwa kuzimwa ghafula ilikuwa ya BBC, huko London, tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland. Palihofiwa kwamba mawimbi ya mtambo wa Alexandra Palace yangeweza kuziongoza ndege za adui, na mafundi wake walihitajika katika kazi ya rada. Wakati huo zilikuwapo televisheni kama 20,000 tu, nazo zilinyamaza kwa karibu miaka saba. Kitu cha mwisho kuonyeshwa kilikuwa katuni ya Mickey Mouse, na iliporudi tarehe 7 Juni 1946 katuni ile ile ilionyeshwa tena. Kwa miaka mingi Waingereza wamesimuliana kwamba katuni ilikatwa katikati, na kwamba mwaka 1946 iliendelea pale ilipoachia. Hadithi nzuri, lakini si kweli. Katuni ilikwisha yote, yakafuata majaribio ya mitambo, kisha ndipo pakafungwa. Watazamaji ndio walioikata wenyewe, maana miaka saba ya giza ilihitaji mwanzo unaofaa zaidi kuliko majaribio ya mitambo.

Ndivyo mtazamaji anavyoishi picha ikikatika. Hakai bure. Anaimalizia. Kwa mpira au mchezo wa kuigiza hakuna ubaya, na wakati mwingine umalizio wake ni bora kuliko ule wa wenye kipindi. Lakini nimeishi pia siku ambazo lililokatika halikuwa mchezo.

Nirudi nyuma miaka minne. Jumapili tarehe 1 Agosti 1982 nilikuwa Nairobi, nyumbani kwa baba yangu mdogo huko Makadara. Kabla ya mapambazuko askari wa jeshi la anga waliiteka Sauti ya Kenya. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alichukuliwa kwake, akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo majeshi yaliyokuwa upande wa serikali yalikikomboa kituo, na sauti ikabadilika. Wengi wenu mmesikia hayo. Lisilosimuliwa sana ni saa zile za katikati, redio ilipokuwa ikipiga muziki na hakuna aliyejua muziki huo ni wa nani. Katika mtaa wetu kila mlango ulikuwa na habari yake. Nyumba ya kwanza ilisema Rais ameuawa, ya pili ikasema ametorokea nchi jirani, ya tatu ikasema jeshi la nchi nyingine limevuka mpaka. Wote walizungumza kwa uhakika ule ule aliokuwa nao Toby juu ya meza. Kijana wa jirani yetu alitoka kwenda mjini kwa sababu ya mojawapo ya habari hizo, na hakurudi.

Baadaye ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Televisheni ilirudi hewani, lakini hapo ndipo nilipofahamu kwamba kipindi kinaweza kuwapo na watazamaji wakakikosa. Katika nyumba za ngazi yetu, televisheni ilikuwa kwa baba mdogo tu. Siku za kawaida watoto wa majirani waliingia jioni bila kubisha hodi, wakakaa sakafuni mpaka mlangoni, na mama mdogo akalalamika juu ya viatu vyao huku akiwapimia chai. Sasa jua likizama kila mtu alikuwa kwake. Tulitazama peke yetu, watu watano katika chumba kilichozoea ishirini, na hata vichekesho havikuchekesha. Asubuhi watoto walikuwa wakinisubiri nje, kwenye bomba la maji. Nikawasimulia. Siku ya kwanza nilisimulia kwa dakika tano. Kufikia mwisho wa juma nilikuwa nikichukua muda mrefu kuliko kipindi chenyewe, na kina mama walikuwa wakiacha ndoo zao zifurike wakinisikiliza. Mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, haya mengine mbona mimi sikuyaona?" Nikamwambia alikuwa jikoni.

Sasa nije kwenye ule uzimaji mkubwa ambao hata vijana wa kidato cha nne wa leo huenda walisimuliwa nyumbani.

Mwaka 2006 huko Geneva, mataifa yalikubaliana kwamba televisheni iache mawimbi ya zamani ya analogi na kuingia ya dijitali, na siku ya mwisho ikawekwa tarehe 17 Juni 2015. Faida yake ni rahisi kuielewa: katika nafasi ambayo mfumo wa zamani uliweza kubeba stesheni moja, mfumo mpya hubeba nyingi, na nafasi inayobaki hutumiwa kwa simu na mambo mengine. Hasara yake nayo ni rahisi. Televisheni ya zamani haiwezi kusoma mawimbi mapya bila kifaa kiitwacho king'amuzi, na king'amuzi hununuliwa. Majirani zetu wa Tanzania walitangulia, wakazima analogi Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Hapa kwetu dijitali ilizinduliwa Desemba 2009, lakini kuzima ndiko kulikokuwa na taabu. Mwishoni mwa 2012 watetezi wa watumiaji bidhaa, COFEK, walikwenda mahakamani kwa ajili ya gharama ya ving'amuzi, na uzimaji ukaahirishwa. Kisha zikaja kesi za mashirika matatu makubwa: Royal Media Services yenye Citizen, Nation Media Group yenye NTV, na Standard Group yenye KTN. Leseni za kusambaza mawimbi ya dijitali zilikuwa zimepewa Signet, ambayo ni ya KBC, na kampuni ya Kichina ya Pan African Network Group. Mashirika yale matatu yalitaka kusambaza mawimbi yao wenyewe, na yakapinga vipindi vyao kuonyeshwa katika ving'amuzi vya wengine bila ridhaa yao. Mahakama ya Juu ilitoa hukumu tarehe 29 Septemba 2014, lakini mvutano haukuisha.

Tarehe 14 Februari 2015 maafisa wa Mamlaka ya Mawasiliano, wakiwa pamoja na polisi, walizima mitambo. Limuru tena, pale pale televisheni ilipozaliwa. Citizen, NTV, KTN na QTV zikawa giza, na giza hilo likadumu siku kumi na tisa.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya siku hizo. Serikali ilisema inamtetea mwananchi. Mashirika yalisema yanamtetea mwananchi. Wanasheria walijaza kurasa. Mimi nitamweleza mwananchi mmoja, ambaye ni mama yangu mzazi.

Mama alikuwa kijijini, karibu na Bungoma, na televisheni ya Great Wall ya inchi 14, ya rangi mbili kama ile ya shule. Aliinunua miaka ya tisini kwa pesa za mahindi. Kwa miaka mingi aliiwasha kwa betri ya gari, ambayo mjukuu aliipeleka sokoni kwa baiskeli kila juma ikatiwe moto, hata ule mgao mkubwa wa umeme wa mwaka 2000 ulipowatesa watu wa mjini, yeye hakujua kuna mgao. Kipindi chake kilikuwa Papa Shirandula cha Citizen. Shirandula, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, alikuwa bawabu aliyemficha mkewe Wilbroda kazi yake, mke akidhani mumewe ni mtu wa ofisini. Mama alikipenda kwa sababu, alivyosema, aliwajua Shirandula watatu katika kata yetu peke yake.

Siku ya kwanza alinipigia simu akidhani betri imekufa. Siku ya pili alidhani ni eriali, akamwita fundi, na fundi akala pesa zake mia mbili. Siku ya tatu nilimweleza juu ya analogi na dijitali, juu ya Mahakama na Wachina. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa Wilbroda amejua au hajajua?"

Nilikuwa sina jibu. Lakini mama hakungoja jibu. Chama chao cha akina mama kilikutana kila Alhamisi, na baada ya kuhesabu michango walianza kuzungumza juu ya Shirandula kana kwamba wanazungumza juu ya mtu wa ukoo. Mmoja alisema lazima mke atagundua kwa sababu ya sare. Mwingine akasema la, atamwona langoni siku atakapokwenda kumpelekea chakula. Mama alikuwa na wazo kwamba Wilbroda amejua siku zote, na anamwachia mumewe heshima yake. Walilijadili hilo kwa muda mrefu. Kulikuwa na wajane katika chama kile, na wengine ambao waume zao walikuwa mabawabu huko Nairobi, na nasikia siku moja mkutano uliisha watu wakiwa wamenyamaza.

Kwa habari, walirudi kwenye redio, ambayo haikuzimwa. K24 na KBC zilikuwapo hewani pia, lakini mama alizitazama kama mtu anayekula kwa jirani: kwa adabu, bila kuomba nyongeza.

Mwanzoni mwa Machi stesheni zilirudi, sasa zikisambaza mawimbi yao wenyewe ya dijitali. Kwa mama siku zilizidi kumi na tisa, kwa kuwa ilibidi kwanza nimnunulie king'amuzi, kisha ikaonekana kwamba king'amuzi na Great Wall yake havielewani, kwa hiyo nikanunua na televisheni. Mtu mwenye mshahara mjini aliweza kufanya hivyo. Jirani wa mama hakuweza, na kwa miezi mingi alihamia kwetu kila jioni na kigoda chake. Sijaona mahali ambapo watu wa namna yake walihesabiwa. Wakati ule kila upande ulitaja mwananchi kila siku, lakini bei ya king'amuzi haikushuka kwa kutajwa. Hilo nalisema bila kumpendelea yeyote, maana katika ugomvi ule mashirika yalikuwa na hoja ya haki juu ya mali yao, na serikali ilikuwa na tarehe iliyotiwa saini Geneva.

Mama alipokitazama tena kipindi chake aliniambia hakikumpendeza kama zamani. Nilidhani ni rangi za televisheni mpya zilizomsumbua. Akasema sivyo. Alisema wale waandishi hawamjui Wilbroda.

Miaka mitatu baadaye ilikuja nyingine, na hii haikuwa na mzaha. Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake katika bustani ya Uhuru, Citizen, NTV, KTN News na Inooro zilizimwa. Safari hii hapakuwa na hoja ya analogi wala ving'amuzi. Ilizimwa ili sherehe ile isionekane. Tarehe 1 Februari Mahakama Kuu iliamuru zifunguliwe, na amri haikutekelezwa siku hiyo. NTV na KTN zilirudi tarehe 5 Februari, Citizen na Inooro tarehe 8. Vijana wa mjini waliitazama sherehe kwenye simu zao, kwa hiyo kilichofichwa hakikufichika kwao. Kilifichika kwa watu wa rika la mama. Jioni ile alinipigia simu akaniambia kwamba amesikia Nairobi kuna vita na kwamba watu wamekufa bustanini mamia kwa mamia. Sauti yake ilinirudisha moja kwa moja Makadara, 1982. Nilimwambia hakuna vita, nilikuwa nimepita mjini mchana. Akaniuliza kama nina hakika, na kwa nini basi wamezima. Swali lake la pili lilikuwa gumu kulijibu kuliko la kwanza.

Alikwenda kulala na panga chini ya kitanda. Kesho yake nilipanda gari kwenda kijijini ili anione kwa macho yake.

Mkutano wetu wa mwisho ulifanyika Jumamosi, na baada ya hotuba nilitoka kwenda kuutafuta ule mti wa mkaratusi. Ulikwisha katwa. Mahali pake pana matangi ya maji, na kando yake wavulana wa kidato cha pili walikuwa kwenye foleni ya chakula. Kama mnavyojua, simu haziruhusiwi shuleni, na televisheni ya bwaloni ilikuwa imefungiwa kwa sababu ya mitihani. Mmoja wao alikuwa akisimulia filamu ya mfululizo, kwa sauti zote, za milango, za bunduki na za mwanamke anayelia, na foleni ilikuwa imepinda kumzunguka hata watu wa nyuma wakawa mbele. Nilisimama nikasikiliza mpaka alipoitwa na mpishi. Nikamwuliza kipindi kile alikitazama wapi. Akanijibu kwa heshima kwamba hajakitazama, mzee, alisimuliwa na mwenzake wa bweni la pili, ambaye naye alisimuliwa na dada yake wakati wa likizo, ila sehemu ya mwisho ameitengeneza vizuri zaidi.